Kwa Wahubiri Wetu, Kabla Krismasi Haijafika

Kwa mapadri, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, manabii na mitume wote mnaoshika kipaza sauti mwezi wa Desemba:

Bwana Yesu asifiwe. Kwa mnaosalimiana vingine, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zangu wa upande wa mama, Sabato njema, hata kama barua hii itawafikia katikati ya wiki. Salamu zote tatu ni za nyumbani kwetu. Baba ni Mlutheri wa Machame, mama ni Msabato wa Mamba kule Upare, shangazi aliolewa Kibosho akawa Mkatoliki kuliko Wakatoliki aliowakuta, na siku hizi tuna wapwa wanaosali kwenye huduma za kiroho zisizotaka kuitwa dhehebu. Kwa hiyo naandika nikiwa sina upande wa kukimbilia.

Nisiwazungushe. Naomba msiifanye Krismasi kuwa kipimo cha wokovu. Msimpime kwayo anayeiadhimisha, wala asiyeiadhimisha. Ubishi wenyewe endeleeni nao, ni wa kale na una utamu wake. Ila usiwazuie watu kwenda kwao.

Mnajua hali ilivyo. Sikukuu ya Uhuru ikishapita tu, tarehe 9, simu zinaanza kujaa video. Mmoja anasema Krismasi ni siku ya kuzaliwa Nimrodi, na aliyekula pilau siku hiyo amekula kwenye meza ya mashetani. Mwingine anamjibu kwamba asiyeshangilia kuzaliwa kwa Mwokozi ni mpinga Kristo, tena ana roho ya uchoyo. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya michango ya misiba na harusi, yanageuka uwanja wa mihadhara. Watu wanajitoa. Kwenye kundi letu mjomba mmoja alijitoa, akarudishwa, akajitoa tena, na msiba uliotokea Januari ulimpita hana habari.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo inayopigiwa kelele kuliko yote. Injili hazitaji siku wala mwezi. Mathayo na Luka wanasimulia kuzaliwa. Marko na Yohana hawakusimulia. Karibu mwaka 200, Klementi wa Aleksandria aliwataja watu waliokuwa wakikisia tarehe mbalimbali za kuzaliwa kwa Bwana, na 25 Desemba haimo. Maandishi ya kwanza yanayoiweka siku hiyo yanatoka Roma, kwenye kalenda iliyotungwa mwaka 354, ikiwa na kumbukumbu inayorudi nyuma hadi 336. Karibu mwaka 386 Yohane Krisostomo alikuwa anawashawishi watu wa Antiokia waipokee, akikiri mwenyewe kwamba kwao haijatimiza hata miaka kumi. Na Waarmenia mpaka leo wanaadhimisha tarehe 6 Januari, wakati jirani zetu wa Ethiopia wanangoja tarehe 7. Hata mwaka wenyewe una kasoro. Wanahistoria wengi wanasema Herode Mkuu alikufa mwaka 4 KK, na Mathayo anasema Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Mtawa Dionisio aliyetupangia hesabu ya miaka katika karne ya 6 aliteleza kidogo.

Hapo ndugu zangu mnaoipinga mmeshaanza kupiga makofi. Ngojeni kwanza.

Mnasema tarehe iliibwa kwa wapagani, kwenye sikukuu ya Jua Lisiloshindwa. Ni kweli Kaisari Aureliano aliliwekea Jua hekalu mjini Roma mwaka 274. Lakini maandishi ya kwanza yanayoweka sherehe ya Jua tarehe 25 Desemba yamo ndani ya kitabu kilekile cha 354 kinachotaja kuzaliwa kwa Kristo. Nani alimwiga nani, wasomi bado wanavutana. Na iko hesabu nyingine ambayo sijaisikia kwenye mhadhara hata mmoja, ingawa walioiacha ni watu wa bara letu. Tertuliano wa Kartago, Tunisia ya leo, aliiweka siku ya kusulubiwa tarehe 25 Machi. Baadaye Agostino wa Hippo, Algeria ya leo, akaandika kwamba inaaminika Yesu alitungwa mimba tarehe hiyohiyo aliyoteswa. Hesabuni miezi 9 kutoka hapo, mtaona mnaangukia wapi. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema Wakristo wanaweza kuwa walifika Desemba kwa kupiga hesabu zao wenyewe, bila kupitia hekalu la mtu.

Na huyo Nimrodi? Biblia inamtaja kwenye Mwanzo 10 kuwa mwindaji hodari na mwenye ufalme. Haimpi mke anayeitwa Semirami, haimpi mti wa mvinje wala siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo yote mnayoihubiri ilienezwa na Alexander Hislop, mchungaji wa Skotlandi aliyetoa kijitabu mwaka 1853, kikawa kitabu kizima miaka michache baadaye, The Two Babylons. Shabaha yake ilikuwa Kanisa Katoliki, na kila alichokiona Roma alikitafutia babu Babeli. Kwa maneno mengine, mtume wa mtaani kwetu anayeapa kwamba amefunuliwa jambo hili usiku wa manane anasoma, bila kujua, ugomvi wa Mskoti wa karne ya 19. Ukimuuliza chanzo atakwambia usibishane na mpakwa mafuta.

Yeremia 10 nayo ipumzisheni. Mti anaousema nabii unakatwa, unachongwa na fundi, unapambwa fedha na dhahabu, unapigiliwa misumari usitikisike. Ndivyo sanamu ilivyotengenezwa. Habari za miti ya Krismasi iliyopambwa ndani ya nyumba zinatoka kwa Wajerumani, ile maarufu ni ya Strasbourg, mwaka 1605, zaidi ya miaka 2000 baada ya Yeremia. Na kwetu huku mkrismasi mwenyewe unachanua mwekundu kando ya barabara kila Desemba bila kukatwa na mtu. Hata huo mtauvunjia madhabahu?

Hata hivyo, ninyi mnaopinga mna ukoo wa heshima, na wenzenu wanaowacheka hawaujui. Origene, katika karne ya 3, alisema wanaofanya sherehe za kuzaliwa kwenye Maandiko ni Farao na Herode tu, watu wabaya, na kila sherehe ilimwaga damu. Mashahidi wa Yehova wanaitumia hoja hiyo mpaka leo, ingawa wenyewe walikuwa wakisherehekea Krismasi makao makuu yao Brooklyn mpaka mwaka 1926. Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwa Wapuritani, lilipiga marufuku Krismasi mwaka 1647, na watu wa Canterbury wakafanya ghasia. Koloni la Massachusetts likaweka faini ya shilingi 5 mwaka 1659 kwa atakayekutwa anaadhimisha. Skotlandi, nchi ya Hislop huyohuyo, Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya umma mpaka 1958. Hao wote walikuwa Wakristo wanaosoma Biblia asubuhi na jioni. Kwa hiyo padri anayesimama kwenye mimbari kusema kwamba asiyeadhimisha Krismasi hamjui Yesu, anafuta kwa sentensi moja mamilioni ya watu waliomjua Yesu vizuri.

Kwa Wasabato nitasema machache, maana ni wajomba zangu na nawaogopa. Ellen White, katika gazeti la kanisa lenu miaka ya 1870 na 1880, aliandika kwamba siku hasa ya kuzaliwa Kristo imefichwa kwa makusudi ya Mungu. Na bado akasema ni vigumu kuipitisha tarehe 25 Desemba kana kwamba haipo, akashauri zawadi za siku hiyo zielekezwe kwenye kazi ya Mungu. Hata mti kanisani hakuukataza, mradi utundikwe sadaka. Sasa vijana wenu wanaosimama stendi na kipaza sauti wakiwaita Walutheri wapagani wanamfuata nani?

Tena kuna jambo linaloweza kutufanya tucheke wote. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893. Miaka 10 baadaye, 1903, Waadventista wakafungua chao Giti, huko Mamba, Upare. Na hao pia walitoka Ujerumani. Yaani Wajerumani walitufundisha Krismasi kwenye mlima mmoja, wakatufundisha Sabato kwenye mlima wa pili unaoonekana kutoka kwa wa kwanza, wakaenda zao. Sisi tumebaki tukinuniana kwa niaba yao.

Nimalizie upande wa Maandiko kwa hoja moja. Yohana 10 inamweka Yesu hekaluni Yerusalemu wakati wa sikukuu ya Kutabaruku, majira ya baridi. Sikukuu hiyo haimo kwenye torati ya Musa. Iliwekwa na Wamakabayo. Yesu alikuwepo, akatembea kwenye ukumbi wa Sulemani, wala hakuwakemea watu kwa kushika siku ambayo Mungu hakuiagiza. Na Paulo kwenye Warumi 14 ameacha mlango wazi: mmoja anaithamini siku moja kuliko nyingine, mwingine anaona zote sawa, na hakuna ruhusa ya kudharauliana. Kwangu mimi shauri linaishia hapo. Ninyi mliosoma vyuo vya theolojia mnajua hivyo kuliko mimi, ndiyo maana nashangaa.

Tuje sasa kwenye sababu ya watu kusherehekea, kwa sababu huko hamfiki kamwe. Nitasema ya kwetu Kilimanjaro, ninayoyajua.

Watu wanatutania kwamba Mchaga asipoenda Moshi Desemba ana kesi. Mabasi yanajaa, nauli inakuwa gumzo, na treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, ilirudi kwa wakati wake kabisa. Wengi kati ya wanaopanda milima siku hizo hawaendi kutafuta tarehe ya kuzaliwa kwa mtu. Wanaenda kihambani, yalipo makaburi ya babu zao katikati ya migomba. Wanaenda kwenye kikao cha ukoo. Posa zinapelekwa, watoto wanabatizwa, kipaimara kinasherehekewa, mwenye deni anakumbushwa, binti aliyezaa mjini anamleta mtoto aonekane na bibi. Wachaga Waislamu nao wanapanda, kwa sababu kikao ni cha ukoo na ukoo hauna dhehebu. Anayedhani watu hao wamekusanywa na Nimrodi hajawahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kuanzia saa nne asubuhi mpaka mbege inaisha.

Mama yangu hakuwahi kusherehekea Krismasi hata siku moja. Hakuwahi pia kukosa kwenda Machame. Tulipokuwa watoto, alfajiri ya tarehe 25 wengine wakivaa nguo mpya kwenda kanisani, yeye anabaki jikoni na bibi mzaa baba, anamenya ndizi za machalari mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu. Mbege hagusi. Kisusio, ule mchuzi wenye damu ya mbuzi, hali, na hapo Maandiko yanamuunga mkono vizuri tu. Bibi alimtengea sufuria yake, ndogo, yenye mpini uliolegea, isiyoingia damu. Hakuna aliyewahi kutoa hotuba kuhusu sufuria ile. Mwaka 2021 Krismasi iliangukia Jumamosi: baba na mama wakatoka asubuhi moja na Biblia zao kwapani, mmoja anashuka njia ya usharika, mwingine anasubiri gari la kwenda kwa Wasabato wenzake. Saa nane mchana walikula pamoja.

Sasa lisikieni la pili. Baba zangu wadogo wawili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Mpaka kwetu hupandwa isale, mmea uleule unaopandwa makaburini, na ambao jani lake mtu hulishika anapokuja kuomba msamaha. Ukiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Desemba moja yule mdogo alikuja kikaoni na jani la isale mkononi, amelifunga fundo, anatetemeka kama mtoto. Mkubwa alikaa kimya muda mrefu, akalipokea. Wazee wakapima mpaka upya jioni ileile. Lakini mtoto wa kiume wa yule mkubwa, atakayerithi shamba lile, hakuwepo. Alikuwa Dar es Salaam, amefunga, kwa sababu kiongozi wake wa kiroho aliwaambia waumini wote wasikanyage nyumbani kwao wiki ya Krismasi, watarudi na maagano ya mababu. Leo baba yake ni marehemu na kijana anadai mpaka ulisogezwa kwa hila. Kesi iko baraza la ardhi. Kiongozi yule wa kiroho hataitwa kutoa ushahidi.

Hicho ndicho ninachowalaumu, enyi mnaopinga. Kutosherehekea ni haki yenu. Kumtenga mtu na baba yake kwa jina la kutosherehekea hamkupewa na yeyote.

Nanyi mnaosherehekea msijione mmepona. Wengi wenu hamjawahi kuwaambia waumini kwamba tarehe haijulikani. Mnawaacha waende kulisikia hilo kwa mara ya kwanza kwenye video ya mtu mwenye hasira, na hapo wanadhani mliwaficha kubwa zaidi. Mnawapiga vijembe wale wanaofika kanisani Krismasi na Pasaka tu, siku pekee ambazo mngeweza kuwapata. Kisha kuna bahasha. Nimekaa kwenye ibada ya mkesha ambapo majina ya waliorudisha bahasha ya sadaka ya Krismasi yalisomwa pamoja na kiasi, na kila mtu akajua ambao hawakusomwa. Kuna watu Dar es Salaam ambao hawajapanda kwao kwa miaka, na sababu haihusiani na Nimrodi. Hawana mchele wa kubeba, hawana kitenge cha mama, hawana mchango wa ng'ombe, na gari la kuazima limekosekana. Mnajua kabisa Januari ikiingia inakuja na ada za shule na kodi ya nyumba, ndiyo maana wenyewe tunaiita Njaanuari. Mtoto aliyezaliwa zizini amegeuzwa mgeni wa gharama kubwa kuliko wote, nanyi mmenyamaza kwa sababu na bahasha inapita humohumo.

Tusidanganyane pia kwa takwimu. Mhubiri mmoja anasema Watanzania wengi wameshaiacha Krismasi, mwingine anasema karibu wote wanaisherehekea. Sensa yetu haijauliza dini ya mtu tangu 1967, kwa hiyo wote wawili wanabahatisha. Naona ni heri ibaki hivyo.

Jirani zetu Waislamu wanautazama ugomvi huu na wanaufahamu vizuri, maana wana wa kwao. Maulidi huko Lamu huvuta watu kutoka pwani nzima na mbali zaidi, desturi iliyokuzwa na Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha. Na wapo Waislamu wanaosema kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume ni bidaa, jambo ambalo yeye na maswahaba hawakulifanya. Hoja ni zilezile za kwetu karibu neno kwa neno. Hata suala la kama inafaa kumwambia Mkristo "Krismasi njema" wanabishana. Lakini mtaani Tanga au Ilala, sahani ya pilau ikifunikwa kawa ikapelekwa nyumba ya pili, hairudi ikiwa imejaa, na watoto wa pande zote wanadai mkono wa sikukuu bila kuuliza imeidhinishwa na nani. Sura ya Maryamu inasimulia kuzaliwa kwa Isa chini ya mtende. Hakuna Mwislamu anayehitaji Krismasi ili amheshimu Isa, na hakuna Mkristo anayepungukiwa kitu kwa hilo.

Basi ombi langu. Mnaosherehekea, Jumapili ya mwisho ya Majilio semeni waziwazi mimbarini kwamba tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana haijulikani, na kwamba mnaiadhimisha kwa sababu alizaliwa, siku yoyote iwayo. Mwambieni aliyeishiwa kwamba apande kwao mikono mitupu. Bahasha zisisomwe. Mnaopinga, fundisheni msimamo wenu kwa nguvu zenu zote, lakini Nimrodi mrudisheni kwenye Mwanzo 10, na muwaambie waumini wenu kwamba wanaweza kukaa na wazazi wao tarehe 25 bila kuimba wimbo wa Krismasi hata mmoja. Kama chakula kina walakini kwenu, ombeni sufuria ya pembeni. Bibi zetu wanajua kutenga. Ninyi mnaofunga na kuzuia safari, ondoeni katazo hilo mwaka huu, kabla mabasi hayajajaa.

Tangazo la namna hiyo halizidi dakika mbili. Litoeni Jumapili, na wa Jumamosi mlitoe Sabato.

Ni mimi, mtoto wenu wa Machame na Mamba, ninayesali kiti cha nyuma.